Hana Kitu Huyu

Katika nyumba yetu ya Kalama hakuna mtu anayemgusa mwenzake paji la uso mbele ya Baba. Si sheria iliyotangazwa. Mama aliianza bila kusema neno, mimi nikaifuata, na binti yangu alipozaliwa nikazoea kumpima homa chumbani mlango ukiwa umefungwa, au kumbeba kwanza hadi nyuma ya jiko. Kazi yangu ni kuuza dawa za mifugo mjini Machakos. Nauza hata vipimajoto vya ng'ombe, najua vizuri homa ni nini, lakini kwetu nyumbani nimekuwa nikiitafuta kwa kujificha, kama mwizi wa kuku.

Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya hapo kwetu kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Watu waliopitia mikononi mwake bado hunyoosha mgongo wakikutana naye barabarani, hata wale wenye mvi. Amestaafu siku nyingi. Anatembea kwa mkongojo, koti lake la kijivu halimtoki mwilini hata jua liwe kali namna gani, na kila mtu bado anamwita Mwalimu. Dada yangu mkubwa naye alisoma kwake. Aliufanya mtihani wa darasa la nane katika shule hiyo ya Baba, na akafa wiki hiyohiyo.

Nitaieleza asubuhi ile mara moja tu ili niachane nayo, ingawa yenyewe haijawahi kuniacha.

Nilikuwa mdogo, nilikuwa bado darasa la tano. Ilikuwa siku ya mwisho ya mtihani. Mama alikuwa amepika uji na dada ameshindwa kuumeza. Alikuwa ameketi kwenye kochi, amejifunga leso juu ya sweta ya shule, meno yakigongana, na nje jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Mama akasema, "Mwalimu, huyu mtoto ni mgonjwa. Hawezi kwenda." Baba alikuwa anafunga kamba za viatu. Akainuka, akaja, akaweka mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso la dada. Akautoa haraka. Kisha akaupangusa kwenye koti, vile mtu anavyoupangusa mkono ulioshika sufuria ya moto.

"Hana kitu huyu," akasema. "Ni woga wa mtihani tu. Homa itapita, lakini mtihani ukipita umepita."

Mama alikuwa amegeuka kuchukua kikombe, hakuuona ule mkono ukipanguswa. Mimi niliuona. Nilikuwa sakafuni natafuta soksi yangu chini ya meza, na kutoka pale niliona mkono wa Baba ukienda kwenye koti. Tangu siku hiyo najua kwamba Baba alijua. Sijamwambia mtu, na Mama alikufa bila kuniuliza.

Dada alienda. Wanasema aliandika karatasi zote hadi mwisho, na alipoanguka, kalamu ilikuwa imeshawekwa chini. Jioni alikuwa hospitalini, malaria imeshampanda kichwani. Tulimzika juu kidogo ya matuta ya mbaazi, mahali ambapo mtu akiketi barazani hawezi kupaona asipogeuza shingo. Baba alikiweka kiti chake kikitazama upande mwingine, na hapo ndipo anapoketi hadi leo.

Halafu matokeo yakaja. Krismasi ilikuwa karibu. Kwetu ilikuwa desturi, matokeo yakitoka, akina mama kumwendea mtoto aliyefanya vizuri, kumbeba juujuu na kumzungusha hadi sokoni wakiimba, mikononi wameshika matawi ya miti. Dada alikuwa wa kwanza shuleni. Jina likasomwa, na nadhani miguu ya wale wanawake ilitangulia kabla vichwa havijakumbuka. Walifika hadi langoni kwetu na matawi yao. Mmoja alikuwa ameshauanza wimbo, mwenzake akamshika mkono, na wote wakasimama pale wakiangalia chini. Hakuna aliyejua kama ni heri kuingia au kurudi.

Baba akatoka nje. "Mbona mmenyamaza?" akawauliza. "Imbeni."

Wakaimba. Hakukuwa na mtoto wa kubeba, kwa hiyo waliimba wakiwa wamesimama, matawi yakitikisika mikononi, wengine machozi yakiwatiririka, hadi wimbo ukaisha. Mama alikuwa jikoni ameziba masikio kwa leso. Mimi sikuyaziba yangu. Kila matokeo yalipotoka miaka iliyofuata na nikasikia vigelegele kutoka boma la jirani, nilifunga dirisha.

Basi serikali ilipouondoa ule mtihani wa darasa la nane na kuleta mtaala huu mpya, nilifurahi peke yangu. Wenzangu dukani walilalamika kutwa nzima, kwamba sasa watoto wanatumwa kutafuta magunzi na manyoya ya kuku, kwamba hii si elimu, ni michezo. Mimi nilikuwa nawapimia watu dawa ya kupe huku nikitabasamu. Niliona kama jitu fulani lililokuwa likilala nyumbani kwetu limefungasha virago.

Binti yangu alikuwa ameanza sekondari ya chini, palepale kwenye shule ya zamani ya Baba, sweta ileile ya rangi ya damu ya mzee. Nilimpa jina la dada, kama desturi yetu ilivyo, ili jina lirudi nyumbani. Baba akiliita kutoka barazani, kuna dakika ndogo ambapo sijui anamwita nani. Nadhani na yeye hajui.

Tuliitwa shuleni, mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu wa sasa, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, akatueleza kwamba mitihani ya kufungua muhula imeondolewa, na ile ya kila mwezi pia. Watoto watapimwa kwa kazi wanazofanya muhula mzima, na hakutakuwa tena na namba moja wala namba ya mwisho. Badala ya namba, tutaambiwa kama mtoto amefikia matarajio, au anayakaribia. Ukumbi ukavuma.

"Sasa Mwalimu," akauliza mzee mmoja wa kutoka upande wa Kola, "hiyo 'anakaribia matarajio' ni namba ngapi?"

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anafanya mzaha. Mama mmoja akainuka akasema, "Mimi sijui kusoma hizo vitu zenu. Nilikuwa najua namba. Mtoto akiniletea namba thelathini najua ni fimbo, akiniletea namba mbili nachinja kuku. Sasa nitachinja nini?" Hapo hata mimi nilicheka. Nilimwonea huruma pia, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Tulilelewa kwa namba, na tukinyang'anywa namba hatujui tumwangalie mtoto wapi.

Mwenyekiti wa wazazi, mwenye duka la mabati na misumari, alikuwa amenuna. "Watoto wa Nairobi wanapimwa kila wiki kwa hizo shule zao kubwa," alisema. "Sisi tutabaki huku tukikata chupa."

Chupa alizosema zilikuwa za akina binti yangu. Walikuwa wameambiwa kila mmoja atengeneze kipima mvua kwa chupa ya plastiki, akiweke mahali pa wazi, na kila asubuhi aone mvua iliyoingia ni kiasi gani. Binti yangu alikata yake kwa kisu cha jikoni, akaichimbia kwenye tuta la juu, mbali kidogo na kaburi. Na mvua ya mwaka huo ilikataa. Kila asubuhi alitoka kwenda kuangalia chupa kavu.

Kilichonishangaza ni Baba. Siku za kwanza alimwangalia tu kutoka barazani kwa dharau. Baadaye nikamsikia akimuuliza, "Tumepata nini?"

"Hakuna, Babu."

"Hakuna pia ni jibu. Simama wima useme."

"Hakuna, Babu!"

Ikawa mchezo wao. Halafu asubuhi moja nilipokuwa nawapa kuku mahindi nikamwona Baba amesimama pale kwenye tuta na mkongojo wake, ameinama juu ya chupa pamoja na mtoto, anamwonyesha kwa kidole ni upande gani mawingu hutokea mvua ikiwa ni ya kweli. Alikuwa ametoka kwenye kiti chake, amegeuza shingo, amepanda hadi kule juu. Nilisimama na mahindi mkononi hadi kuku wakaanza kuniparua miguu. Nilifikiri, basi, yameisha.

Hayakuwa yameisha. Mwenyekiti alikuja nyumbani Jumapili baada ya ibada, na kofia yake mkononi. Wazazi walikuwa wamekubaliana, akasema. Kama shule haitaki kutahini watoto, wao wenyewe watawatahini, kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa. Karatasi ziko, mjini Machakos kuna watu wanaziuza zikiwa tayari zimechapishwa. Namba zitapangwa na kusomwa. Kilichokosekana ni msimamizi ambaye watoto watamwogopa.

"Ni wewe tu, Mwalimu," akasema. "Hawa wa siku hizi hawajui kazi."

Nilikuwa nawamiminia chai. Nikaona mgongo wa Baba ukinyooka, kidogo kidogo, hadi ukaacha kuegemea kiti. Nilipandwa na hasira nikakijaza kikombe cha mgeni hadi chai ikamwagika kwenye sahani.

Alipoondoka nilimkabili Baba. "Shule imesema watoto wapunguziwe mitihani," nikamwambia.

"Shule imesema ya shule. Hii ni ya wazazi."

"Wangu haendi."

"Mtoto wa hii nyumba akose mtihani, na mimi ndiye msimamizi?" Alisema bila kupandisha sauti. Hajawahi kuipandisha. "Watu watasema nini?"

Ningemjibu. Nilikuwa na majibu ya miaka yote hiyo, yamepangana kooni. Lakini binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, na ndiye aliyeongea. "Mami, wenzangu wote wanaenda. Mimi pia nataka kujua niko namba ngapi." Hakuna aliyemfundisha maneno hayo. Sijawahi kumuuliza namba yake tangu aanze shule. Nilihisi yametoka ndani ya kuta.

Nikakubali, kwa shingo upande, kwa sharti moja ambalo sikumwambia mtu: nitaketi humo ukumbini, nyuma, na mtoto akipiga chafya moja tu nambeba naondoka naye, Baba aaibike mbele ya kanisa zima. Niliogopa kitu kimoja tu, na sitakizungushia maneno. Niliogopa kwamba Baba angemfanyia mtoto wangu alichomfanyia mtoto wake.

Wiki hiyo nyumba ilibadilika. Chupa haikutazamwa tena. Binti yangu alichonga penseli hadi zikawa fupi, akaanza kuacha chakula kwenye sahani, na harufu ya vumbi la penseli ikaenea sebuleni. Niliijua harufu hiyo. Baba alitoa kabatini kengele ya mkono aliyokuwa akiipiga enzi zake za ualimu, akaisugua kwa majivu, na kila alipoisugua ililia kidogo, nami huko jikoni nikashtuka kila mara kama mtu aliyeitwa.

Jumamosi ikafika. Nilimgusa mtoto paji la uso alipoamka, nikamgusa tena akivaa sweta, nikamwita nyuma ya jiko nikamgusa tena. Alikuwa baridi kabisa. "Mami, wacha!" akaniambia. "Niko sawa!" Akaenda kuketi kwenye kochi. Ni kochi lilelile, tumelibadilisha vitambaa tu. Baba alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha uji mkononi, nikaona mahali nilipokuwa nimesimama, nikajua ni mahali pa Mama. Nilitaka kusema, huyu mtoto ni mgonjwa, na hakuwa mgonjwa.

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Wazazi walikuwa wametenganisha mabenchi ili watoto wasichunguliane, na baadhi yao walikuwa wamevaa tai. Mwenyekiti alikuja na karatasi ndani ya mfuko uliofungwa kwa gundi, akauinua juu kila mtu auone haujafunguliwa, kisha akaukata kwa mkasi, kama inavyofanywa kwenye mtihani wa taifa. Watu wazima wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama mmoja wa maombi akawaambia watoto wainue kalamu juu, akaziombea. Kalamu zote zilikuwa hewani, na nikaona nyuso zao. Walikuwa wadogo mno. Wengine walikuwa wanatikisa midomo, wakijisomea kitu.

Kalamu zikashushwa. Karatasi zikagawiwa, kifudifudi. Ilibaki kengele tu.

Baba alikuwa mbele, kengele mkononi, ulimi wa kengele ameushika kwa vidole isilie. Alianza kutembea kati ya mabenchi polepole kama alivyokuwa akitembea zamani. Mkongojo, mguu, mkongojo, mguu. Alifika kwa binti yangu akasimama. Mtoto hakuinua kichwa. Alikuwa ameketi mikono kwenye mapaja, amevaa ile sweta, ametulia kama walivyomfundisha wenzake. Nilikuwa nimeshainuka kutoka kwenye kiti changu bila kujua.

Baba akaiweka kengele juu ya benchi. Akaunyoosha mkono, akaugeuza, akauweka mgongo wake kwenye paji la uso la mtoto wangu.

Akautoa haraka. Akaupangusa kwenye koti.

"Huyu ako moto," akasema.

Nikafika pale, nikamgusa. Alikuwa baridi. Aliniangalia kwa macho makubwa, akisubiri nimweleze. Baba alikuwa ameshasogea kwa mtoto wa pembeni, wa mwenye duka la mabati mwenyewe. Mkono kwenye paji, mkono kwenye koti. "Huyu pia ako moto." Akaenda kwa mwingine, na mwingine. Kule nyuma watoto walianza kucheka, wakakatazwa, kisha wakanyamaza wenyewe, kwa sababu mzee alikuwa anakuja na mkono ameunyoosha. Hakumruka hata mmoja. Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza kitambaa cha koti kikipanguswa.

Alipommaliza wa mwisho akawageukia wazazi. "Hawa watoto ni wagonjwa," akasema. "Wapelekeni nyumbani."

Hakuna aliyesogea. Mama wa maombi akajishika mdomo. Nilisikia mtu akinong'ona dirishani kwamba uzee umemfikia. Mwenyekiti akamwendea, akamshika kiwiko kwa heshima, akainamisha kichwa karibu na sikio lake.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hawa hawana kitu. Ni woga wa mtihani tu."

Baba akamwangalia.

"Hata mimi nilisema hivyo," akajibu.

Wazazi kadhaa pale ukumbini walikuwa wanafunzi wake wa zamani, wa rika la dada. Niliwaona wakiangalia viatu vyao. Mama mmoja mwenye mvi, ambaye sikujua kama alikuwa miongoni mwa wale wa matawi au la, alienda kwenye benchi la mjukuu wake, akamshika mkono na kutoka naye. Wengine wakafuata. Si wote. Mwenyekiti alibaki na karatasi zake na watoto wachache, na nasikia mtihani ulifanyika, na kwamba wamempata msimamizi mwingine, kijana, na Jumamosi zinaendelea. Siwalaumu sana. Kila mtu ana kinachomkimbiza.

Sisi tuliondoka watatu. Baba aliisahau kengele juu ya benchi, na sikumkumbusha. Njia ya kwetu inapanda kidogo kabla ya kufika kwenye matuta, na hapo ndipo alipotuambia tusimame. Nilidhani amechoka. Alimwita mjukuu wake kwa jina, jina lile, na mara hii sikujiuliza anamwita nani kwa sababu nilijua anawaita wote wawili. Mtoto akamsogelea.

Aliweka mkono tena, kiganja chote safari hii, na hakuutoa. Binti yangu alisimama wima chini ya mkono huo bila kulalamika, jua likitupiga sote utosini.

"Bado ako moto," Baba akaniambia. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Nikaweka mkono wangu juu ya wake. Chini ya vidole vyetu ngozi ya mtoto ilikuwa baridi, haina kitu.

"Ndiyo, Baba," nikamwambia. "Ako moto. Hataenda."